Marudiano

Tunu alikaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini, peke yake, mkono una bandeji. Asubuhi ile alikuwa ametoka hospitali kusafishwa damu, kama kawaida yake tangu figo zilipokufa. Mchekeshaji akamwona kutoka jukwaani.

"Dada, umepigana na nani?"

"Na mashine," akajibu Tunu.

"Nani kashinda?"

"Sare. Tunarudiana keshokutwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tunu naye akacheka mpaka machozi yakamtoka; hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo ilikuwa lini.

Onyesho lilipokwisha, watu wakatoka wawili wawili, wakisimuliana jibu lake. Mfagiaji akaanza kukusanya viti.

"Hiki kiache kwanza, kaka," Tunu alimwambia.

Akakiacha. Akapandanisha vingine vyote ukutani, kikabaki hicho kimoja, na Tunu amekikalia, akilitazama jukwaa.