Bomba Lisilopitisha Maji

Bi Salha alitaka kuinunua nyumba ile aipangishe, na kabla ya kutaja bei akamleta fundi Makame ampigie hesabu ya matengenezo. Fundi aligonga kuta moja baada ya nyingine, naye Mzee Shomvi, mwenye nyumba, akimfuata nyuma kama mgonjwa anayengoja kuambiwa ugonjwa wake.

"Mabati saba yametoboka. Sakafu ya jikoni imetitia," fundi alisema huku akiandika.

Ukumbini fundi akasimama. Bomba la chuma lilitambaa ukutani, usawa wa kiuno, kutoka chumba cha kulala hadi mlango wa uani. Akaligonga.

"Hili linapeleka wapi maji, mzee?"

"Halijapata kupitisha maji hilo. Lilikuwa likimpeleka marehemu mke wangu chooni, alipopofuka. Nililifunga ukutani mwenyewe."

Bomba lilikuwa limeshika kutu pande zote, ila juu, pale kiganja kilipopita miaka kumi na mmoja, liling'aa kama pete.

Fundi alimtazama Bi Salha. Bi Salha akainamisha macho.

"Wapangaji hawatakuwa na kazi nalo," alisema polepole. "Andika."

Fundi akaandika: kung'oa bomba, kuziba matundu.

Wale wawili walipokwenda uani kukagua choo, Mzee Shomvi alirudi chumbani. Akafumba macho, akaweka kiganja juu ya bomba, akaanza kutembea. Bomba lilipokwisha, mkono wake uliendelea mbele, ukipapasa hewa.