Singa za Babu

"Fungua kamba, Mwalimu," alisema binti kutoka juu ya tandiko, na baba yake akaung'ang'ania ua wa mbao kana kwamba yeye ndiye aliyepanda farasi.

Mwalimu, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, aliifungua kamba ya kuongozea akaitupa begani. Uwanjani wakabaki wawili tu. Binti alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Farasi, mkongwe wa rangi ya majivu aliyeitwa Babu, alisimama kimya, singa za paji zimemwangukia hadi karibu na pua, kama bibi harusi mwenye haya.

"Huyo naye anahitaji kinyozi," baba alisema. Ndiyo kazi yake. Hata msibani hutazama vichwa.

"Nikimaliza salama, utampunguza wewe," binti akajibu. "Ila kwanza ahadi yetu."

Ahadi ilitolewa katika duka la kunyolea la baba, mbele ya wateja, mmoja akiwa na povu nusu uso, kwa hiyo haikuwa rahisi kuikana. Daktari ndiye aliyewatuma hapa, ili mgongo wa binti upate nguvu, maana anayetembea akiogopa kujigonga hujikunja. Mgongo ulishanyooka. Sasa binti alitaka zaidi: akizunguka uwanja mzima bila kamba, kuanzia Jumatatu ataenda shule peke yake na fimbo yake.

Mama yake, alipokuwa hai, alimwacha ajigonge kwenye viti, kisha wakacheka wote wawili. Tangu wamzike, baba hakuwahi kuuachia mkono wa mtoto barabarani. Nao mkono wenyewe ulishakuwa wa msichana mkubwa, na ulikuwa ukitoka jasho kwa kubanwa.

"Tunakwenda, Babu," binti alisema. Babu akaenda.

Mwalimu alikuwa na sheria moja: Babu haguswi kabla hajasemeshwa. Baba aliiona ni adabu tu, adabu ambayo wateja wake wengi hawakuwa nayo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka ua, kwa kuwa aliogopa farasi tangu utotoni. Binti ndiye aliyempiga Babu brashi kila walipokuja, kuanzia masikioni hadi kwatoni.

Makopo matupu yaliyofungwa kwenye mapipa na gogo la uwanjani yaligongana kwa upepo. Ya kufukuza ndege, baba alidhani.

"Kushoto sasa, mzee wangu. Polepole." Babu akalizunguka pipa la kwanza bila kuligusa. "Haya, kulia." Akalizunguka la pili. Walipokaribia gogo lililolazwa chini, binti akampapasa shingo. "Gogo. Inua miguu." Babu akainua mguu juu kabisa, kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya.

"Anavyopenda kuongea," baba alimnong'oneza mwalimu. "Mama yake mtupu."

Ndipo lori la mchanga likapita nje, likinguruma kiasi cha kumeza sauti zote. Babu akasimama katikati ya uwanja. Binti naye akatulia, kichwa amekiinamisha upande. Baba alikuwa ameshapandisha mguu mmoja juu ya ua alipohisi shati lake likivutwa.

"Shuka, baba," mwalimu alisema. "Ukiingia, umemharibia."

"Ataanguka."

"Ukiingia, ndipo ataanguka."

Lori likapita. Makopo yakasikika tena. "Kulia kidogo," binti alisema, na safari ikaendelea: pipa la tatu, la nne, kisha moja kwa moja hadi kwenye ua wa mbao, mbele ya baba aliyekuwa akijipangusa uso kwa taulo la dukani.

"Umeona, Baba? Jumatatu."

"Nimeona." Baba alikunja taulo, akalikunjua. "Lakini tuseme kweli, mwanangu. Barabarani hakuna Babu. Hapa wewe umekaa tu, mwenye macho ni yeye. Hiyo haihesabiki."

"Na wale wateja utawaambia nini?"

"Wateja ni watu wazima, wataelewa."

Mwalimu alifungua mdomo, lakini binti akainua mkono kumnyamazisha. Alikuwa akitabasamu, lile tabasamu la mama yake, la kumngoja mtu aingie mwenyewe mtegoni.

"Sawa, Baba. Basi mshukuru mwenye macho. Ulisema anahitaji kinyozi."

Kinyozi hatembei mikono mitupu. Baba alitoa kitana na mkasi mfukoni, na kwa mara ya kwanza akavuka ua.

"Babu, shikamoo. Ni mimi, nakugusa," alisema kwa adabu zote.

Babu akamsogezea kichwa kama mteja wa siku nyingi. Baba akazichana singa taratibu, akazikusanya kwa kitana, akaziinua.

Chini yake hapakuwa na macho. Kope zote mbili zilishonwa zamani, mshono ukapona, na ngozi ikabaki laini kama goti la mtoto.

Mkasi ulibaki hewani.

"Jumatatu," binti alisema kutoka juu ya tandiko, "fimbo yangu niwekee karibu na mlango."