Onyo la Breki

Kidole cha fundi wa programu kilining'inia juu ya kitufe, ukucha umetafunwa hadi nyamani. Programu ya ukaguzi, ile inayopekua kazi yao kabla haijatoka, ilikuwa imegoma na kuwasha wekundu kioo kizima.

"Ruka ukaguzi, dada," bosi alisema akiwa mlangoni. "Hospitali wanasubiri programu yao ya kupanga dozi. Hicho kidude kina kisirani kila siku."

"Kimemrithi aliyekitengeneza," jirani wa fundi mezani akadakia, wakacheka wote.

Aliyekitengeneza walimwita Breki. Aliacha kazi ili amuuguze mama yake, na hakuna aliyemlilia.

Kuruka kulikuwa kubonyeza tu. Lakini roho ilimsuta fundi, akafungua onyo alisome. Maneno yalikuwa ya Breki mwenyewe, aliyoyaandikia jaribio la mgonjwa wa kubuni:

"Mtoto wa kilo tatu amepewa dozi ya mtu mzima. Ndivyo mlivyotaka?"

Akalisoma tena. Kisha akapekua kazi yake ya jana, akaona. Katika kuondoa mistari aliyodhani haina kazi, alikuwa amefuta uzito wa mgonjwa, na sasa kwa kompyuta kila mgonjwa alikuwa mtu mzima.

Akaondoa kidole kitufeni, akakifumbata kwa mkono wa pili kama kilichoungua. Bosi alisogea, akasoma, kicheko kikamkauka.

Fundi akapiga simu.

"Haya, nimewaudhi kwa lipi tena?" Breki aliuliza.

Fundi alikuwa amepiga kumshukuru, lakini akaanza na lingine.

"Mama anaendeleaje?" alisema, akavuta kiti, akakaa kusikiliza.