Mnara Chini ya Jino

Baragumu la sala ya jioni lilipolia, kijiji kizima kiliingia ndani. Malaea akaingia kwenye mtumbwi.

"Shemasi mzima!" alisema Pesamino, akiusukuma mtumbwi majini. "Wakikukamata nje saa ya sala utatozwa nguruwe. Na mimi mtu wa kijiji cha pili nitaambiwa nimetorosha mjane."

"Piga kasia, kaka. Jua halisubiri domo lako."

Ilikuwa jioni ya tatu. Ya kwanza wingu lilifunika mlima. Ya pili mtumbwi uliyumba alipobonyeza kamera, picha ikatoka ukungu mtupu. Nuru aliyoitaka hudumu dakika nne, labda tano, pale jua linapogusa bahari na nchi kavu yote inapowaka kama kaa la moto. Baada ya hapo ni giza.

Tangu zamani wavuvi wa pale wameingia mlango wa mwamba, ule upenyo wa vyombo kupita, kwa alama mbili: weka mnara wa kanisa chini ya lile jiwe la mlimani liitwalo Jino, kisha nyoosha chombo. Halafu kijiji kikajenga kanisa jipya, kubwa kuliko la majirani, na mnara mpya ukasimama hatua arobaini kusini mwa ule wa kwanza. Wa kwanza ukavunjwa, ukabaki kisiki cheupe, nacho ndicho alama ya kweli. Mchana haikuwa shida, maana mlango wa mwamba huonekana kwa rangi ya maji.

Aukuso, kijana wa kijiji, hakuwapo wakati wa ujenzi. Alikuwa Australia akichuma matunda, yeye na rafiki yake Siaki. Siku waliyorudi walichukua boti gatini, wakikimbiza wawahi sala, Aukuso ameshika usukani. Boti ikapasukia mwambani. Aukuso aliogelea. Siaki aliokotwa maiti kesho yake.

Baraza la wazee likasema Aukuso alikuwa amelewa. Kisiki si kipo pale, cheupe pe? Wakamfukuza kijijini. Sasa analala nyuma ya duka la mjomba wake huko mjini Apia, na kanisani haingii tena. Malaea alimwombea kila asubuhi, kwa jina. Jumatatu baraza lingekaa kuifunga habari yake moja kwa moja, lisipopatikana neno jipya la kumtetea.

"Sema kweli, dada," Pesamino alisema. "Kijana katoka Australia, pesa zinamwasha mfukoni. Asinywe?"

"Hakunywa."

"Ulimnusa?"

"Mwezi uliopita nilichelewa kwa dada yangu. Tulipita hapa saa kama hii, nikatazama kijijini. Sikukiona kisiki."

"Si uwaambie wazee."

"Yupi kati yao amewahi kuwa baharini saa hii? Wote wako magotini."

"Na wewe ulitakiwa uwe magotini."

"Naomba hapa hapa, kaka. Nimefumbua macho tu."

Pesamino alicheka, kisha akaacha ghafla. Maji yalikuwa yakivunjika vunjika mbele yao. Akavua kofia.

"Ndipo hapa," alisema.

Malaea hakuyaangalia maji. Alitoa kamera kwenye kitambaa, akaikaza kifuani mpaka pumzi zikatulia.

"Bwana," alisema, "Yoshua ulimsimamishia jua siku nzima. Mimi naomba dakika moja."

Jua likagusa maji. Kule nchi kavu Jino likawaka, jekundu, na chini yake, sawasawa kabisa, ukawaka mnara mpya na mabati yake. Kisiki hakikuwapo. Kivuli cha mishelisheli kilikuwa kimekimeza chote. Mtu yeyote aliyefundishwa na baba yake kuingia pale angenyoosha chombo bila wasiwasi, moja kwa moja juu ya mwamba.

Alibonyeza mara tatu. Ya nne ilikuta giza.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

Kisha akajikunja juu ya kamera, akalia kwa sauti ambayo Pesamino hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Kasia likamtoka Pesamino mkononi, akalidaka.

"Sasa unalia nini, dada? Si ndiyo uliyoitaka?"

"Turudi, kaka. Turudi tu."

Ijumaa aliichapisha picha Apia, kubwa, ya ukubwa wa ukurasa wa Biblia ya mimbarini. Jumatatu akaipeleka barazani, akakiri kwanza kuwa amevunja sala jioni tatu na nguruwe atamtoa. Kisha akawaonyesha: hili Jino, huu mnara, hapa ndipo kisiki kinapopaswa kuonekana.

Picha ikapita mkono kwa mkono, mzee kwa mzee. Mmoja aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaipitisha. Mwingine alikohoa. Ilimfikia mzee msemaji, naye akailaza mkekani.

"Malaea," alisema taratibu, "mwaka jana ulikaa hapo hapo, mwanao Siaki hata hatujamzika, ukatuomba tumfukuze kijana huyu. Leo unatuomba nini?"

"Arudi kwa mama yake," alisema Malaea. "Angalau mmoja wetu arudishiwe mwanawe."