Mgeni wa Bi Chausiku

Tunu alipomaliza chuo, kadi yake ya benki ya mwanafunzi ilibakiwa na uhai hadi saa sita mchana wa siku hiyo. Mjini kwao kadi ndiyo iliyofungua kila mlango, hata wa nyumba ya mama yake, kwa kuwa mwanafunzi alihesabika chini ya mzazi.

"Ukipokea hii ya kawaida, unakuwa kaya yako mwenyewe," karani wa benki alimwambia, akimsogezea kadi mpya.

"Na kwa mama nitaingiaje? Mimi ndiye ninayemlisha."

"Kama mgeni, dada. Mlango utamuuliza mwenye nyumba kama anakufahamu. Akisema ndiyo, unaingia."

Tunu alitaka kumweleza kwamba mama yake alikuwa akisahau, na kwamba kuna siku alisahau hata jina lake mwenyewe, lakini karani alikwisha kumwita mtu mwingine. Akaichukua kadi, akatoka mbio. Alifika saa sita na dakika nne, akagusisha kadi mpya mlangoni.

"Bi Chausiku," mlango uliita kwa upole, "una mgeni. Unamfahamu?"

Kandambili ziliburuzwa sakafuni. Kwenye kioo kidogo ukatokea uso wa mama yake.

"Ni mimi, Mama! Sema ndiyo tu, nakuomba."

Mama alimtazama, akatabasamu kwa adabu.

"Hujambo, mwanangu," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Mlango ukalichukua hilo kuwa hapana, na kufuli la pili likajifunga.