Uso wa Nanga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya chai, mama mmoja mhudumu alilowesha vitambaa vya meza. Kitambaa kikavu huteleza. Kilicholowa hushikilia sahani meli inapoyumba. Alikuwa amefika meza ya kona, jagi mkononi, pale meli ilipolala ubavu.

Kabati la vyombo lilifunguka, sahani zikamiminika kama kokoto. Viti vikakimbilia ukutani. Bibi mmoja mwenye shali ya kijani, aliyekuwa amewahi chai, alijikuta sakafuni amekumbatia mguu wa meza.

Kutoka pale chini alimwona mhudumu. Ameegemea nguzo, jagi bado mkononi, anatazama dirisha lililojaa maji kama mtu anayetazama mvua ikinyesha uani.

Meli ilisita. Kisha, taratibu, ikainuka.

"Umeumia, bibi?"

"Heshima tu ndiyo imeumia, mwanangu. Nivute upesi, wasinione."

Tufani lilikuwa limewakamata katikati ya safari. Injini moja ilikufa, na iliyobaki iliisukuma meli kwa kukohoa. Kwenye korido zilifungwa kamba za kushikilia. Harufu ya matapishi iliingia hadi kwenye mkate. Watu hawakuulizana tena watafika lini. Waliulizana kama watafika.

Mkuu wa wahudumu alikuwa na imani yake ya kazi: bahari ikichafuka, abiria hawamsikilizi nahodha, wanasoma uso wa anayewaletea chai. Wahudumu wenye macho ya woga aliwapeleka kuosha vyombo. Huyu mama, aliyekuwa akipiga pasi mashuka huko chini, akamtoa na kumweka ukumbini.

"Wewe usiseme kitu," alimwambia. "Pita tu. Wakuone."

Abiria wakampa jina: Nanga. Akipita na birika lake, waliokuwa wakilia walinyamaza.

Bibi wa shali ya kijani aligeuka kupe. Ilipo meza ya Nanga, naye yupo. Alikuwa anakwenda kumpokea kitukuu wake wa kwanza, na hofu yake ilikuwa moja tu, afe kabla hajamshika.

"Na mkwe wangu atafurahi akisikia nimeliwa na samaki," alisema. "Simpi raha hiyo. Hivi wewe huogopi, Nanga?"

"Hapana, bibi."

"Hata vile vyombo vilipomwagika?"

"Hata pale."

"Niambie unakula nini, na mimi nile. Una watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Yuko wapi?"

"Huko huko tunakokwenda." Nanga alimimina chai nusu kikombe ili isimwagike. "Juzi niliitwa chumba cha redio, nikaongea na shemeji yangu. Nyumba imejaa watu. Mashangazi wote wamekuja, hata wale wasiosemeshana."

"Wanakusubiri wewe?"

"Mimi. Wamesema hawafanyi lolote mpaka nifike."

Bibi alijipiga paja. "Kumbe! Mwenye harusi ya mwanawe atapata wapi nafasi ya kuogopa mawimbi?"

Nanga aliifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Siku iliyofuata dirisha la korido lilipasuka na maji yakaingia hadi magotini. Amri ikatoka, kila mtu avae jaketi la kuokolea. Nanga alizunguka chumba hadi chumba akiwafunga watu kamba, wazee kwanza, akivuta kila fundo mara ya pili ili kuhakikisha. Hata mkuu wa wahudumu, alipofungwa lake, aliushika mkono wa Nanga kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"La kwako liko wapi?" bibi aliuliza.

"Nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyelihitaji."

Injini iliyobaki nayo ikanyamaza. Ukimya wake ulitisha kuliko mawimbi. Ukumbini watu walikaa sakafuni, migongo ukutani. Mwanamume mmoja alivua saa yake, akaitazama, akaitia mfukoni.

Bibi hakuwa na mzaha tena. "Mwanangu, niambie ukweli. Yule mtoto sitamwona."

Nanga aliketi kando yake. Alimpa mkono. Ulikuwa mkavu, umetulia tuli. Bibi aliupapasa kama anayetafuta mapigo, hakuona hata dalili ya mtetemo. Mkono kama ule usingeweza kuwa wa mtu anayekwenda kufa. Akaamini, akaegemea bega lake, akasinzia.

Aliamshwa na mngurumo chini ya sakafu. Mafundi walikuwa wameifufua injini. Nje mawimbi yalikuwa yameshuka, na mwanga wa asubuhi uliingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu tufani lianze. Sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika: kabla ya jua kuzama, watakuwa bandarini.

Watu walikumbatiana. Mtu mmoja alimbusu mpishi, kisha akamwomba radhi. Bibi aligeuka amtafute Nanga.

Birika lilikuwa limeanguka. Nanga alikuwa ameishika nguzo kwa mikono miwili, mikono hiyo ikitetemeka hadi mabegani, akiteleza kuelekea sakafuni.

"We Nanga," bibi alicheka huku machozi yakimtoka, "bahari imetulia ndiyo unaanza kuogopa? Simama, mama. Ukavae, ukacheze harusi ya mwanao."

Nanga alilitazama birika pale chini.

"Si harusi, bibi. Wananisubiri ndipo wamzike. Kila meli ilipolala ubavu, nilikuwa naiomba isiinuke."