Mbea wa Bweni la Tatu

"Sema ukweli, Sindano. Nani alimwambia matroni habari za simu?"

Kachero alikuwa amevaa koti la mvua la baba yake, na jua linawaka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi, lakini koti hakulivua. Mpelelezi bila koti ni mwanafunzi tu.

Bweni la tatu lilikuwa limechoka. Wasichana wake walinong'onezana kuficha simu ndani ya godoro. Kesho yake matroni akalipasua godoro lilelile. Wakapanga kuruka ukuta wa shule. Walipofika, matroni keshatangulia, anamenya karanga. Wawili walisimamishwa masomo. Kiranja wa bweni akamwita Kachero. "Tutafutie huyo mbea, mdogo wangu. Atatukoma."

Ilimchukua siku mbili. Kati ya wasichana kumi na wawili, mmoja tu alikuwa akiingia chumbani kwa matroni: Sindano, mtoto wa fundi cherehani, rafiki wa Kachero mwenyewe, aliyelala kitanda cha juu ya chake.

"Nakwenda kumshonea mashuka," Sindano alisema. "Wewe unanijua, jamani."

"Wote husema hivyo," Kachero akajibu, kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi bafuni.

Kesi ikafungwa. Siku tisa hakuna aliyemsemesha Sindano. Godoro lake lilimwagiwa maji, sare yake ikachanwa kwa wembe, chakula chake kikatiwa mchanga. Siku ya kumi shangazi yake alikuja kumchukua. Hakumuaga mtu. Kachero alipigiwa makofi, naye akagusa ukingo wa kofia ambayo hakuwa nayo.

Jumamosi mchana matroni akamwita. "Mwenzako kasahau vitambaa vyake kwangu. Njoo uvifungashe."

Kachero hakuwahi kuingia chumba kile. Kilikuwa kidogo, kisafi, kinanukia dawa ya kikohozi. Alikunja vitambaa taratibu, macho yakipekua kila pembe kama kazi inavyotaka. Jambo moja lilimshangaza: kiti chenye mto, kimegeuzwa kuelekea ukuta wa mbao.

"Matroni, yale aliyokuwa akikuambia Sindano..."

"Yule? Yule alikuwa na sindano yake na uzi, maneno hana." Matroni alikaa kwenye kile kiti, akashika kikombe chake cha chai. "Sasa nyamaza. Wameanza."

Nyuma ya mbao, bwenini, kiranja alinong'ona, na kila neno likafika: "Kachero yuko kwa matroni robo saa nzima. Kumbe ni yeye."